Futa Hilo Jina

"Futa hilo jina."

Mama mdogo hakupaza sauti. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, khanga juu ya sweta kwa ile baridi ya Juni, nami nilidhani hasikilizi. Mimi nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya kijana wa steshenari, namtajia cha kuandika kwenye CV ya mama mdogo. Tulikuwa tumefika kwenye uzoefu wa kazi. Nilimwambia aandike kwamba kuanzia Machi 2018 hadi Mei 2019 mwombaji alimuuguza kaka yake mpaka alipofariki. Nikataja jina la kaka huyo, la kwake na la baba yake. Nikataja na ugonjwa.

Kijana akaacha kuandika, akageuka kunitazama.

"Na huo ugonjwa ufute," mama mdogo akasema. Kisha akainuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Nilimkuta ng'ambo ya barabara, pale Miyomboni, anaziangalia daladala za Ipogolo kama mtu anayetaka kupanda ya kwanza itakayosimama.

Ni wiki saba sasa. Nimejaribu kuliacha jambo hili lipite, halipiti.

Ameniruhusu kuliandika, kwa masharti mawili: nisitaje kijiji, nisitaje alichougua kaka yake. Wilaya nitaje tu, alisema, Kilolo ni kubwa.

Karatasi ya mtu mwingine

Makao ya watoto nje kidogo ya mji wa Iringa yalikuwa yanatafuta mlezi. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kanisa: elimu ya kidato cha nne, uzoefu wa kulea au kuhudumia watu, barua ya maombi, CV, wadhamini watatu. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Sisi tuliingia steshenari Jumanne.

Kijana alifungua folda moja kwenye kompyuta, na majina ya watu yakajipanga skrini nzima. Akachagua CV ya dada mmoja, akaanza kufuta jina la yule dada na kuweka la mama mdogo. Huku akifuta, mimi nasoma. Tarehe ya kuzaliwa ya yule dada, namba yake ya simu, dini yake, kwamba ameachika, kwamba ana watoto wawili. Chini yake malengo, kwa Kiingereza, kwamba anatafuta kufanya kazi kwa bidii katika mazingira yenye ushindani. Mwisho anayoyapenda: kusoma, kuangalia mpira, kupata marafiki wapya.

Karatasi za namna hiyo nimezisoma nyingi. Shirika dogo ninalofanyia kazi limenikalisha mara nne kwenye kamati ya kuchuja maombi ya wahudumu wa jamii. Unapewa rundo la bahasha na siku moja ya kuzimaliza. Malengo yanafanana kiasi kwamba ukifika bahasha ya ishirini jicho linayaruka lenyewe. Mara mbili nimekuta jina la mtu mwingine limesahauliwa katikati ya ukurasa. Sijawahi kumcheka aliyetuma. Wengi wetu hatukufundishwa CV popote, tumeikuta steshenari kama ilivyo. Ila baada ya kusoma kurasa mbili hujui kama huyu mtu ataweza kumwogesha mtoto mwenye homa, au kumsikiliza mzee anayerudia habari moja mara tano.

Kwa hiyo siku ile nilijiona mjuzi. Nikamwambia kijana aachane na karatasi ya yule dada, afungue ukurasa mtupu, aandike kwa Kiswahili kama tangazo lenyewe. Dini, kabila na hali ya ndoa tukaviacha, hakuna aliyeviuliza.

Mpaka hapo nilikuwa sawa.

Nilichokuwa nakitaka

Kwenye lile rundo, anayeonekana ni yule anayeeleza alichokifanya kwa mikono yake. Wote wanaandika kwamba wana upendo na watoto, wana moyo wa kujitolea, wanaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Kamati haina namna ya kuupima upendo ulioandikwa. Akija mmoja akasema alikuwa na watoto kumi na wawili wa chini ya miaka mitatu, peke yake, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane, huyo unamrudia.

Na mama mdogo alikuwa na miezi kumi na minne.

Wakati ule mimi nilikuwa chuoni Dar es Salaam. Nilituma hela ya dawa nilipokuwa nayo, nikaja mara mbili. Mara ya pili niliamka usiku kwenda nje, nikapita chumbani kwa mjomba, nikamkuta mama mdogo amepiga magoti kitandani, mkono mmoja chini ya bega la kaka yake na mwingine chini ya nyonga, anamgeuza. Alifanya polepole mno, huku akimnong'oneza kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Sasa nakuinua mguu. Sasa nakuvuta huku. Mjomba alikuwa mwanaume mrefu. Nilisimama gizani, sikuingia.

Nilitaka ile kamati ione nilichokiona. Huenda nilitaka pia kulipa deni la kutoingia chumbani, na CV ndiyo kitu pekee ninachojua kutengeneza.

"Hiyo habari si yangu," aliniambia pale barabarani. "Ni ya kaka yangu. Mimi nilimshika tu."

"Mjomba amekufa, mama mdogo. Haitamdhuru."

"Ana watoto."

Watu wa huku wanajua kusoma

Sikumwelewa mara moja. Ilinibidi nitembee mpaka Kihesa nikiliwaza.

Njombe na Iringa ndiyo mikoa iliyoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2016/17: asilimia 11.4 ya watu wazima Njombe, asilimia 11.3 Iringa. Tumekua na jambo hilo. Tumezika, tumelea yatima, na tumejifunza kukisia. Mwambie mtu wa huku kwamba kaka yako aliumwa kwa mwaka na miezi, akalala kitandani, akafariki, naye ataujaza mwenyewe ugonjwa ambao hukuutaja. Atakosea au atapatia, lakini ataujaza. Simsemi mjomba hapa. Nasema kwamba hata nisingetaja ugonjwa, jina tu na miaka vilitosha kuwaachia watoto wake kesi ya kujibu shuleni na mtaani.

Hata mimi nimewahi kukisia nikiwa na bahasha ya mtu mkononi.

Likanijia la pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Katika kamati mojawapo kati ya zile nne tulipokea maombi ya kijana mmoja aliyewahi kujitolea kwenye kituo cha watoto. Ili kuonyesha uzoefu wake alieleza kisa kimoja kwa kirefu. Aliandika jina la binti, shule anayosoma, alichofanyiwa na aliyemfanyia. Aliandika jinsi alivyomsindikiza mpaka dawati la jinsia na watoto polisi. Kilikuwa kisa kizito, kimeandikwa vizuri. Tulikisoma kwa sauti pale mezani, watu watano. Tukampa alama nyingi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yule binti alimruhusu lini.

Mama mdogo ana kidato cha nne na genge la nyanya, na aliliona kosa akiwa kwenye benchi, kabla sentensi haijaisha. Sisi tulikuwa na shahada zetu.

Daftari

Jioni ile baada ya kula tulikaa na karatasi nyeupe na kalamu. Nikamwambia, haya, niambie ulichofanya bila kumtaja mtu.

"Nilimtunza."

"Ulimtunza vipi?"

"Si kumtunza tu, mwanangu. Kama watu wanavyotunza."

Hilo neno linameza kila kitu. Wanawake wa nyumbani kwetu wametunza wagonjwa, wazee na watoto wa marehemu maisha yao yote, na ukiwauliza wamefanya kazi gani wanakujibu kwamba hawajawahi kufanya kazi. Nikaona nikimuuliza kazi sitapata kitu. Nikamuuliza saa.

Saa kumi na moja alfajiri ulikuwa unafanya nini? Akafikiri. Anachemsha maji, kwa sababu mgonjwa aogeshwe kwa maji ya vuguvugu kabla uji haujaiva, na kijijini alfajiri ni baridi kweli, kwa hiyo unaosha sehemu moja, unaikausha, unaifunika, ndipo unahamia nyingine. Saa moja? Dawa, baada ya uji, kamwe si kabla, dawa ile ilikuwa inamchafua tumbo. Na usiku? Usiku alitega simu imwamshe kila baada ya saa mbili amgeuze, maana muuguzi wa zahanati alimwonya kwamba mtu akilalia upande mmoja muda mrefu nyama hukosa damu na vidonda vinaanza, na vikianza kwa mtu aliyedhoofu kuvifunga ni shughuli. Je, alipata vidonda? "Kimoja, kisigino. Kikapona." Mara moja kwa mwezi kliniki, bodaboda mpaka barabara kubwa, yeye amekaa nyuma amemkumbatia mgonjwa asianguke.

Nilikuwa naandika mbiombio.

"Na vyote nilikuwa naandika," akasema.

"Unaandika wapi?"

Kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Tarehe, saa, dawa gani, amekula nini na kiasi gani, mkojo, amelalia ubavu upi. Muuguzi alipopita alikuwa analisoma kwanza ndipo anamgusa mgonjwa.

Nikaruka. Kumbukumbu za kila siku ndicho kitu ambacho tunawasihi watumishi wenye stashahada wakifanye, na hawakifanyi. Ushahidi mzima ulikuwa umekaa mahali kwenye sanduku! Nikamuuliza liko wapi.

"Nililichoma. Baada ya arobaini."

"Kwa nini, mama mdogo?"

"Lilikuwa na mambo yake."

Sikuuliza tena. Nilikumbuka makabati ya ofisini kwetu, lile lenye kufuli iliyovunjika tangu mwaka jana.

Maneno tuliyoyapata

Yalitoka hivi, baada ya kufuta mara nyingi:

"Machi 2018 – Mei 2019. Mhudumu wa mgonjwa wa kitandani, nyumbani, wilaya ya Kilolo. Kumwogesha, kumlisha na kumbadilisha mgonjwa asiyeweza kuinuka. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kuzuia vidonda. Kusimamia dawa kwa ratiba ya zahanati na kumfikisha kliniki kila mwezi. Kuweka kumbukumbu za kila siku za dawa, chakula na hali ya mgonjwa, kwa matumizi ya muuguzi."

Mgonjwa hana jina. Si kaka wala dada. Kamati inaona mikono ya mama mdogo, na mjomba haonekani.

Kijana wa steshenari, tulipomrudia Alhamisi, alishauri aandikwe muuguzi wa nyumbani, lionekane zito. Nilikataa. Muuguzi ni mtu aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa sheria ya 2010, ana leseni. Mtu akijiita hivyo bila leseni amedanganya kwenye mstari wa kwanza, na kazi ya kulea watoto ndiyo ya mwisho unayoweza kuiomba kwa uongo. Mhudumu linatosha. Lina kazi yote ndani yake.

Miaka miwili ya kituo cha kulelea watoto mchana ilitusumbua zaidi. Barua aliyopewa alipoondoka inasema msaidizi wa jikoni. Lakini watoto walikuwa 32 na walezi watatu, na mlezi mmoja akiugua, mpishi anaacha mwiko. Tukaandika cheo kama kilivyo kwenye barua, halafu chini yake alichofanya kweli: kuwapeleka chooni, kuwalaza, kuwalisha wasiotaka kula. Akakumbuka mtoto mmoja aliyekuwa anaficha chakula mfukoni. Nikataka tukiandike kisa hicho, nikajikamata mwenyewe. Tukaandika: kutambua mabadiliko ya tabia ya mtoto na kumjulisha mlezi mkuu.

Nyanya tukazipa mstari mmoja. Zote zikaingia ukurasa mmoja na nusu, uzoefu juu, shule chini, kwa kuwa tangazo lilitaka uzoefu.

Kwa anayeomba serikalini, mfano Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kupitia Ajira Portal, mlango ni mwingine. Kule CV nzuri haikuokoi kama vyeti havikuthibitishwa na wakili, au umeambatisha hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Soma tangazo mstari kwa mstari. Lakini hata kule wanataka wadhamini watatu.

Watatu

Mimi nilipendekeza diwani, tunajuana naye.

"Amewahi kuniona nikifanya nini?" mama mdogo akauliza.

Akawachagua mwenyewe. Mkuu wa kituo cha watoto. Mama kiongozi wa kikundi cha wanawake kanisani, anayezunguka naye kwa wazee kila Jumamosi. Na yule muuguzi wa zahanati. Hakuwapigia simu, kwa muuguzi alipanda gari Jumatano mpaka kijijini, akamsalimia kamwene, akakaa, ndipo akamwomba. Muuguzi anajua kila kitu cha mjomba. Akamuuliza, wakinipigia, niseme nini? Mama mdogo akamjibu aseme alivyofanya kazi, ya mgonjwa ayaache.

Alirudi na giza, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Siri ya mtoto

Waliitwa kwenye usaili watu sita. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimfanyisha mazoezi. Nikamuuliza: mtoto akija kwako akasema nina siri, usimwambie mtu, utafanyaje?

"Nitaitunza."

Moyo ulinishuka, maana ndilo jibu nililokuwa nimejifunza kumheshimu nalo kwa wiki mbili. Ikabidi nimweleze kwamba hapa haliwezekani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa, na kwa mlezi wa makao ni zaidi. Kuna maafisa ustawi wa jamii, kuna ile simu ya bure ya watoto, 116. Mtoto anaumizwa, wewe unatunza siri, umemtunzia anayemuumiza.

Alinyamaza muda mrefu. Mkaa ulikuwa unakwisha, akauchochea, akarudi kukaa.

"Kaka yangu alikuwa mtu mzima," akasema. "Siri alikuwa anaishika yeye. Mtoto hawezi kuishika, ndiyo maana anakupa."

Kisha: "Basi nitamwambia kabla hajasema. Nitamwambia, kuna mengine ukinipa siwezi kuyabeba peke yangu, tutatafuta mtu wa kutusaidia. Achague mwenyewe kusema."

Nimehudhuria semina za siku tatu ambazo zilimalizika bila mtu kulisema hilo vizuri namna hiyo.

Kwenye usaili hawakumuuliza la mtoto. Walimuuliza yule mgonjwa wa kitandani alikuwa anaumwa nini. Aliwaambia yeye alikuwa mhudumu, ugonjwa ulikuwa wa mgonjwa. Mmoja aliandika kitu kwenye karatasi. Hajui ni nini, na mpaka leo hawajapiga simu. Yuko gengeni, simu ameiweka kwenye mfuko wa sweta badala ya mkobani.

Faili

Kuna jambo nililimficha.

Siku ile ya Jumanne, nilipokuwa natoka kumfuata barabarani, kijana aliniambia nyuma yangu: "Nimeihifadhi, bro, mkirudi tusianze upya." Nikamwitikia. Alhamisi tulirudi na kazi yetu kwenye flashi, tukachapisha, tukalipa, tukaondoka. Ile ya kwanza ilibaki. Jina la mjomba, jina la baba yake, ugonjwa, kwenye folda ambayo kila anayetaka CV inafunguliwa mbele yake achaguliwe mfano.

Nilikumbuka usiku mmoja wiki ya tatu, nikaketi kitandani. Nikaona aibu kumwambia. Nikapita pale steshenari mara mbili, mara ya kwanza kumefungwa, mara ya pili kumejaa watu nikakosa la kusema. Jumamosi iliyopita nikamwambia.

Hakunigombeza. Alifunika nyanya na turubai, akamwomba jirani aziangalie, akaniambia twende.

Kijana alimwamkia, akafungua folda. Majina yale yale, na mengine yameongezeka. Akalitafuta la mama mdogo, akalifungua kuhakikisha, na maneno niliyoyataja mimi yakajaa skrini, wakati nyuma yetu kuna mtu anasubiri kutoa nakala ya kitambulisho. Mama mdogo akasogea akasimama kati ya yule mtu na skrini, akaitanua khanga kama mtu anayejifunga upya.

Kijana akafuta. Nikamwambia bado iko kwenye pipa la kompyuta. Akaenda kwenye pipa, akalimwaga.

"Imekwisha, mama."

Hakuondoka. Alikuwa anaitazama ile orodha, jina chini ya jina, mpaka chini ya skrini.

"Na hizi nyingine?"

"Hizo, mama, wenyewe hawajaja."